AFYA YA FAMILIA: Dawa ya Shambani, Mirungi na Mishipa Isiyongoja Amri

Katika kikao chetu cha mwezi uliopita hapa Bendera, mama mmoja alinyoosha mkono akauliza swali lililowafanya wenzake wacheke. Alisema: “Mume wangu akitoka kupulizia dawa kwenye mpunga hurudi na jasho jingi, mate yamemjaa na macho yanamtoka machozi. Kaka yangu aliye kule juu milimani hutafuna mirungi, na yeye mdomo wake ni mkavu kama kuni. Wote wawili wanasema moyo hauendi sawasawa. Sasa hivi vitu viwili vinafanya nini mwilini?”

Sisi tulio wauguzi hatukucheka. Mama yule, bila kujua, alikuwa ameuliza jambo ambalo wanafunzi wa uuguzi hulitokea jasho katika mwaka wao wa kwanza. Tulimjibu kwa kifupi kwa sababu jua lilikuwa linazama, tukamwahidi kwamba tutalieleza vizuri katika ukurasa huu.

Mama akitaka kuokota kuni huuamuru mkono, nao mkono hutii. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuuamuru moyo upige? Ukimaliza kula makande hulikumbushi tumbo lisage, na ukilala usiku huachi zamu ya kupumua kwa mtu mwingine. Kazi hizo zote husimamiwa na mishipa ya fahamu inayojiendesha yenyewe. Imetandazwa kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye moyo, mapafu, tumbo, kibofu, tezi za mate na za jasho, na hata kwenye mboni za macho.

Mishipa hiyo ina pande mbili. Upande wa kwanza wataalamu huuita simpathetiki. Sisi tuuite upande wa mbio. Tuseme umeamka alfajiri kwenda kuangalia maji shambani, ukakutana na tembo aliyetoka hifadhi ya Mkomazi. Papo hapo moyo hudunda kwa kasi, mboni hupanuka, njia za hewa hufunguka, mdomo hukauka, tumbo husimamisha kazi yake, na damu huelekezwa miguuni ili ukimbie. Upande wa pili huitwa parasimpathetiki, nao tuuite upande wa utulivu. Huo hufanya kazi umekaa jamvini baada ya chakula: moyo hupunguza mwendo, mate hutoka, tumbo husaga, choo na mkojo hupata njia yake, mboni husinyaa. Katika mtu mwenye afya pande hizi mbili husaidiana kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Mmoja akiinua, mwingine anashusha.

Zamani madaktari walidhani mishipa hii huamuru viungo kwa nguvu kama ya umeme peke yake. Mwaka 1921, katika mji wa Graz nchini Austria, mtaalamu aitwaye Otto Loewi alionyesha kwamba sivyo. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba jaribio lile lilimjia ndotoni. Akaamka, akaandika kwenye karatasi, akalala tena, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe! Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii hakungoja kupambazuke, akaenda moja kwa moja maabara. Alichukua mioyo miwili ya vyura, akaiweka kwenye maji ya chumvi. Akausisimua mshipa wa utulivu wa moyo wa kwanza hadi ukapunguza mwendo, kisha akachukua maji yaliyouzunguka akayatia kwenye moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo, ingawa haukuguswa mshipa wowote. Maana yake ni kwamba mshipa ulikuwa umetoa kitu kwenye maji, yaani tarishi wa kupeleka ujumbe. Tarishi huyo ndiye asetilikolini. Loewi na Mwingereza Henry Dale walipewa tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 1936.

Upande wa utulivu humtumia tarishi asetilikolini. Upande wa mbio hutumia zaidi noradrenalini, ndugu yake adrenalini. Jasho lina ajabu yake, maana tezi zake huamriwa na upande wa mbio lakini kwa kumtumia asetilikolini, na misuli ya mikono na miguu nayo humtegemea tarishi huyo huyo. Tafadhali mama, likumbuke hilo la jasho na misuli, kwani tutalihitaji sasa hivi.

Sasa turudi mashambani. Huku tambarare, kutoka Maore na Ndungu kupitia Kihurio hadi hapa Bendera, watu wanaishi kwa mpunga, mahindi na mboga. Wadudu nao wanaishi kwa hivyo hivyo, kwa hiyo bomba la mgongoni halipumziki. Viuatilifu vya kuua wadudu viko vya aina nyingi, lakini kundi moja limetutia hofu miaka mingi. Nalo ni lile la ogano-fosfeti, pamoja na jamaa zake waitwao kabameti. Ukisoma kibandiko utakuta majina kama klopirifosi, profenofosi, daimethoeti au daiazinoni.

Mwilini kila asetilikolini akishafikisha ujumbe hutakiwa kuondolewa mara moja, la sivyo ujumbe unaendelea kupigwa kama kengele iliyokwama. Mwenye kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi. Tukifananishe na mfagiaji. Sumu ya ogano-fosfeti humkamata mfagiaji huyo na kumfunga mikono. Asetilikolini hujaa kila mahali, na kila kiungo kinachomsikiliza hupokea amri bila kikomo. Mate hutiririka, machozi hutoka, jasho hulowanisha nguo, tumbo husokota, mgonjwa hutapika, huharisha na kujikojolea. Mboni husinyaa hadi kuwa ndogo kama kichwa cha pini. Misuli hutetemeka chini ya ngozi kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi, halafu hulegea. Kibaya kuliko yote, mapafu hujaa ute na njia za hewa hubana, hata mtu akazama akiwa nchi kavu. Hapo ndipo watu wanapofia.

Mdudu huuawa kwa njia hiyo hiyo, na ndiyo sababu dawa hii inamfaa mkulima. Tofauti ya mdudu na mtoto wa miaka mitatu ni kipimo tu. Mwaka 1936 mkemia wa Ujerumani, Gerhard Schrader, alikuwa akitafuta dawa ya wadudu alipotengeneza kitu kikali mno kiitwacho tabuni, ambacho jeshi la nchi yake lilikifanya silaha. Ndugu wa tabuni aitwaye sarini ndiye aliyemwagwa katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo tarehe 20 Machi 1995. Watu waliofikishwa hospitali siku ile walikuwa na mboni ndogo kama za mkulima wetu aliyezidiwa na dawa, na walipewa sindano ile ile tunayoipa sisi, yaani atropini.

Akina mama wengi hudhani sumu hii huingia kwa kunywa tu. Hapana. Hupita kwenye ngozi, hupita kwa kuvuta hewa, hupita machoni. Bomba linalovuja hulowanisha mgongo wa baba kutwa nzima. Akirudi jioni na shati lile akamkumbatia mtoto, mtoto amepata sehemu yake. Mama akilitia shati hilo kwenye beseni moja na nepi, akalifikicha kwa mikono mitupu, naye amepata yake. Tumeona akina mama walioumwa kichwa, wakaona ukungu machoni na kusikia kichefuchefu kila siku ya kufua, wakameza dawa za malaria mara tatu kwa mwezi wakati damu haina malaria. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, kwa maji mengi na sabuni, mikono ikiwa ndani ya glovu za mpira, na baba aoge kabla hajakaa kula. Akinuna, anune akiwa amekwisha kuoga.

Lakini tuseme wazi kwamba hatari kubwa nyumbani ni chupa ya soda. Kopo zima la dawa ni ghali, kwa hiyo mkulima hupimiwa kidogo dukani, na hicho kidogo hutiwa kwenye chupa ya soda au ya maji isiyo na kibandiko, ikawekwa chini ya kitanda au pembeni mwa mtungi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo tulichokuwa tukifanya kazi, aliletwa mtoto wa umri kama miaka mitatu. Alikuwa amebebwa na bibi yake, mama akifuata nyuma analia. Kifua cha mtoto kilikuwa kinakoroma kama uji unaochemka na povu linamtoka mdomoni. Bibi alisema ni kichomi, jirani aliyewasindikiza akasema ni degedege. Tulipoinua kope tukaona mboni ndogo mno, na nepi ilikuwa imejaa. Tukauliza kama nyumbani kuna dawa ya shambani. Wakajibu hakuna. Baba alikuwa amesimama mlangoni hasemi neno. Tukauliza mara ya pili, taratibu: “Hatuulizi ili tumlaumu mtu. Tunauliza ili tujue sindano ya kumchoma.” Bibi akamgeukia mwanawe, akamtazama kwa muda. Yule baba akatoka mbio, akarudi na chupa ya soda ikiwa na kimiminika cheupe chini yake.

Sindano ya atropini ilikuwa imekwisha kuvutwa. Atropini haimfungui mfagiaji aliyefungwa. Inachofanya ni kuziba masikio ya viungo visisikie kelele za asetilikolini, hasa kwenye mapafu, moyo na tezi. Hutolewa, mgonjwa husikilizwa kifua, hutolewa tena na tena mpaka kifua kikauke. Mtoto yule alichomwa nyingi kuliko walivyotarajia ndugu zake, hata bibi akauliza kama tunataka kumuua. Ilipofika usiku wa manane kifua kilikuwa kimenyamaza na mtoto akalia kilio cha kawaida, kilio kinachopendeza kuliko vyote wodini.

Asubuhi ya pili baba alitaka kumchukua mtoto arudi nyumbani, maana alikuwa anacheka na kuomba chai. Alikataliwa. Siku ya tatu mtoto alishindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto, na pumzi yake ikaanza kuwa fupi. Jambo hili hutokea kwa baadhi ya wagonjwa kati ya siku ya kwanza na ya nne baada ya sumu, hata kama dalili za mwanzo zimekwisha. Misuli ya shingo na ya kupumua hulegea, na atropini haisaidii kitu kwenye misuli. Ilibidi asaidiwe kupumua na kupelekwa hospitali kubwa. Alirudi kijijini baada ya majuma mawili, mzima. Kama angekuwa nyumbani siku ile ya tatu, angefia mgongoni mwa mama yake njiani. Kwa hiyo mgonjwa wa sumu ya shambani asiombewe ruhusa mapema, hata kama mpunga unangoja kuvunwa.

Ikitokea nyumbani kwako, fanya haya. Mtoe mgonjwa mahali penye dawa, apate hewa. Vua nguo zote zilizolowa, mwoshe mwili mzima kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele na chini ya kucha, nawe uvae glovu za mpira kama zipo, kwani sumu iliyo mwilini mwake yaweza kuingia kwako. Kama imeingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa. Mlaze kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke nje. Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Usimnyweshe maziwa, mafuta wala mayai mabichi. Tunajua maziwa ndiyo dawa ya kwanza inayotajwa kila mahali, lakini hayaiondoi sumu hii, na mtu aliyelegea akinyweshwa huyavuta mapafuni, mkawa mna matatizo mawili badala ya moja. Akimbizwe hospitali, na kopo au kibandiko au hata ile chupa ya soda viende naye. Viuatilifu havifanani, ati. Dawa ya kuua magugu iitwayo parakwati, kwa mfano, haiwahusu mishipa hii kabisa na atropini haiifai kitu. Bila kujua ni dawa gani, sisi tunapapasa gizani.

Kuna watu wazima nao wanaokunywa dawa hizi kwa makusudi, wakiwa na uchungu moyoni. Akina mama, wengi wao hawakukaa kupanga jambo hilo siku nyingi. Ni saa moja ya hasira au ya kukata tamaa, na chupa iko karibu. Kuifungia dawa kwa kufuli, na ufunguo ukakaa kwa mtu mmoja, kumeokoa watu ambao kesho yake walifurahi kuwa hai. Na akiletwa mtu wa namna hiyo hospitali, ndugu wasifiche kwa sababu ya aibu. Hata sisi hatupigi kelele wodini.

Tumeitaja atropini. Iko jirani yetu zaidi ya tunavyodhani, kwa maana sumu iliyo ndugu yake imo ndani ya mnanaha, ule mmea wa majalalani wenye maua meupe kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Mtoto akila mbegu za mnanaha huwa kinyume kabisa na yule wa dawa ya shambani: mboni kubwa, mdomo mkavu, ngozi nyekundu na ya moto, moyo mbio, mkojo umezuilika, naye anaweweseka na kushikashika vitu visivyokuwapo. Mwezi Machi 2019, katika mkoa wa Karamoja nchini Uganda, watu wapatao 300 waliugua namna hiyo na 5 wakafariki baada ya kula unga wa lishe wa msaada ambao ulikuwa umechanganyika na sumu ya jamii hii ya mimea. Kwa hiyo chambua mahindi na maharage yako kabla ya kupeleka mashineni, na magugu haya yang'olewe kando ya shamba. Na tafadhali, asije mtu akasema kwamba kwa kuwa atropini huzuia sumu ya shambani, basi amchemshie mgonjwa mnanaha. Sindano imepimwa. Mbegu haina kipimo, na utakuwa umempa mgonjwa sumu ya pili.

Sasa tupande mlimani kwa yule kaka. Mirungi ni jani lenye kitu kiitwacho kathinoni, ambacho wataalamu wa maabara ya Umoja wa Mataifa walikitambua mwaka 1975. Kathinoni huusukuma upande wa mbio utoe tarishi wake kwa wingi na kumchelewesha kurudi ghalani. Mwili wa mtafunaji hudhani umekutana na tembo, na tembo haondoki saa kadhaa. Ndiyo maana hana njaa, hana usingizi, mdomo ni mkavu, choo kinafunga, mkojo unatoka kwa shida, moyo unakwenda mbio na presha inapanda. Kathinoni huharibika upesi, karibu siku mbili tu tangu jani lichumwe, na hiyo ndiyo sababu ya kuzifunga zile kete kwenye majani ya mgomba na kukimbizana nazo barabarani usiku.

Huko Kenya zao hili linaruhusiwa na watu wa Meru wanalitegemea. Uingereza iliruhusu liingizwe hadi mwaka 2014 ilipolipiga marufuku. Hapa Tanzania limekatazwa na sheria, na mwaka 2023 mamlaka inayopambana na dawa za kulevya iliteketeza mashamba ya mirungi katika wilaya yetu hii ya Same. Tunajua jambo hili linauma. Kuna ada za shule zilizolipwa kwa majani yale, na mtu hawezi kuacha kupanda kitu kwa kuambiwa tu aache, kama hana tangawizi au kahawa ya kuweka mahali pake na soko la kuuzia. Hayo tunawaachia wenye mamlaka. Sisi tunayaona yale yanayofika dirishani kwetu.

Yanayofika ni baba wa miaka 50 anayemeza vidonge vya presha miezi sita na presha haishuki. Anaongezewa vidonge, haishuki. Anabadilishiwa, haishuki. Mke anajua, maana ndiye anayezoa vijiti mlangoni asubuhi, lakini kliniki ananyamaza ili asimwaibishe mumewe mbele ya daktari kijana. Kumbe kidonge kinashusha na jani linapandisha, na moyo uko katikati. Yanayofika ni mama mjamzito anayetafuna kidogo ili apate nguvu za kupalilia. Huko Yemeni, ambako wanawake wengi hutafuna, uchunguzi ulionyesha kwamba watoto wa watafunaji huzaliwa na uzito mdogo zaidi, na kemikali za jani hili hupita kwenye maziwa ya mama. Kama hutaki kusema mbele ya watu, mwombe muuguzi mkae pembeni. Kauli hiyo moja, “anatafuna”, yaweza kumpunguzia vidonge vitatu.

Dawa nyingi za hospitali zimetengenezwa kwa kuigusa mishipa hii hii, na hapo tutapita haraka. Dawa ya kuvuta ya pumu iitwayo salbutamoli hufungua njia za hewa kwa kuiga upande wa mbio, kwa hiyo mikono ikitetemeka kidogo na moyo ukaenda upesi usishtuke. Propranololi hufanya kinyume, huuzuia upande wa mbio kwenye moyo. Mwenye pumu asipewe kidonge hicho cha jirani, maana chaweza kumbana kifua, na anayekitumia kila siku asikiache ghafla kwa sababu amejisikia vizuri, kwani moyo huweza kurudi kwa kasi kuliko mwanzo. Maithildopa, wanayopewa wajawazito wenye presha, hutuliza amri za mbio kutoka ubongoni, na siku za kwanza huleta usingizi. Vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini hukausha kamasi kwa kubana mishipa ya damu, na kwa njia hiyo hiyo hupandisha presha, kwa hiyo mwenye presha amwambie muuza dawa kabla hajalipa. Na hayosini, dawa ya tumbo linalosokota, ni jamaa ya atropini. Babu mwenye tezi dume au mwenye presha ya macho asigawiwe kutoka kwenye pakiti yako.

Limebaki swali moja walilouliza akina mama watatu siku ile, kuhusu rangi zilizo chini ya kibandiko cha dawa ya shambani. Utepe mwekundu maana yake ni sumu kali sana, wa njano ni sumu kali, wa bluu ni yenye madhara ya kadiri, na wa kijani ni yenye hatari ndogo kama ikitumiwa ipasavyo. Dawa halali huwa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kuchukua kazi za TPRI ya Arusha, na namba ya usajili huwa kwenye kopo. Ukipimiwa kwenye chupa ya soda, utepe na namba vyote vimebaki dukani. Afadhali majirani watatu mchange, mnunue kopo moja lenye kibandiko, lifungiwe kwenye sanduku nje ya nyumba mnamolala. Likiisha, lisuuzwe mara tatu na maji hayo yamiminwe ndani ya bomba yakapulizie shamba, kisha litobolewe matundu chini ili asitokee mtu wa kulitekea maji.